Mshahara Ununue Gunia, Hela ya Siku Inunue Mboga

Kila Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapotangaza mfumuko wa bei, huku kwetu Mbagala, Dar es Salaam, swali ni lile lile: mbona jikoni hatuioni hiyo asilimia 3? Takwimu hazidanganyi. Wastani wa mwaka 2024 ulikuwa kweli asilimia 3.1. Ila kapu linalopimwa lina kila kitu, kuanzia kodi ya nyumba na nauli hadi samani na vocha, na chakula humo hakifiki hata asilimia 30. Sasa chukua familia ya mlinzi au ya mshonaji wa kiwandani, yenye watoto watatu. Kwao chakula kinachukua nusu ya kipato, wakati mwingine zaidi. Mchele ukipanda shilingi 500 kwa kilo, wanaumia kuliko taarifa ya habari inavyosema. Kwa hiyo mwenzangu, ukiona hela haitoshi wakati unasikia bei zimetulia, hesabu zako ziko sawa, na wala wewe si mfujaji.

Nimeanza na hilo kwa sababu ushauri mwingi wa fedha unaozunguka kwenye simu zetu unaanza kwa kumsema mama wa nyumba. Acha soda, acha chipsi, acha kusuka. Mimi na mume wangu tunafanya kazi wote wawili. Mimi nina mshahara wa kiwandani, yeye anaendesha bodaboda ya mtu na kila jioni anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kwa bosi. Soda kwetu ni ya sikukuu. Kinachowamaliza watu wa kipato chetu ni kununua vitu vya lazima kwa vipimo vidogo vidogo, kila siku, mwaka mzima.

Chukua mafuta ya kula. Ukienda dukani jioni ukasema, "Mangi, nipimie mafuta ya mia tano," anachovya kile kikombe chake cha plastiki, anamimina kwenye chupa yako, imeisha. Siku moja niliamua kutoyatumia yale mafuta, nikawa nayakusanya kwenye chupa ya maji ya nusu lita huku napikia ya dumu. Chupa ilijaa kwa vipimo saba. Nusu lita kwa shilingi 3,500, maana yake lita moja ni shilingi 7,000. Dumu la lita tano, duka la jumla la mtaa wa pili, lilikuwa shilingi 27,500, yaani 5,500 kwa lita. Familia inayotumia lita tano kwa mwezi inalipa 7,500 zaidi kwa sababu tu haikuwa na 27,500 kwa mkupuo. Hiyo ni zaidi ya kilo tatu za sembe. Fanya hivyo hivyo kwa sukari ya robo, majani ya chai ya mia, sabuni ya kipande, mkaa wa kopo, halafu jumlisha. Utakuta kuna siku kadhaa za chakula zinazopotelea kwenye vipimo.

Na simlaumu Mangi. Ana kodi ya fremu, ana watoto, ana daftari limejaa madeni yetu. Bei ikipanda, naye hawezi kutuambia kipimo sasa ni mia saba, maana tumezoea mia tano. Basi kikombe kinapungua. Mwaka 2022 tulikiona kikipungua kwa macho. Vita vya Ukraine vilianza Februari, Aprili Indonesia ikazuia kwa muda mafuta yake ya mawese yasiuzwe nchi za nje, na sisi sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunaagiza. Agosti mwaka huo petroli Dar es Salaam ikavuka shilingi 3,400 kwa lita. Kwa nyumba ya bodaboda hilo ni pigo la pande mbili: mafuta ya pikipiki yanakula hela kabla haijafika nyumbani, halafu lori lililoleta nyanya Ilala nalo limetumia dizeli, kwa hiyo fungu linapungua nyanya moja. Mwanzoni mwa 2024 ikaja zamu ya sukari. Mvua za El Niño zilizuia miwa kuvunwa, serikali ikatangaza bei elekezi ya kati ya shilingi 2,700 na 3,200, na bado madukani tukaambiwa 4,000, kwengine 5,000, chukua au acha.

Misukosuko hiyo huwezi kuizuia. Unachoweza ni kuhakikisha haikukuti mikono mitupu tarehe 20 ya mwezi.

Kilichotusaidia sisi ni kutenganisha hela mbili zinazoingia nyumbani. Mshahara wangu ukitoka, kabla ya kitu kingine chochote baada ya kodi, unanunua vikavu vya mwezi: unga, mchele, maharage, dumu la mafuta, sukari, chumvi, sabuni, mtungi wa gesi. Hela ya siku ya mume wangu inanunua vibichi tu: nyanya, kitunguu, matembele, dagaa, samaki siku ikiwa nzuri. Siku ikiwa mbaya, mvua imenyesha na abiria hakuna, ndani kuna ugali na maharage. Hakuna anayelala njaa na hakuna anayekwenda kukopa. Wengi wanafanya kinyume chake: mshahara unalipa madeni ya mwezi uliopita na ada, halafu chakula chote kinategemea hela ya siku. Ni hapo vipimo vinapokula watu.

Najua swali linalofuata. Mshahara wenyewe umeshaliwa na daftari, hiyo hela ya kununua vya mwezi itoke wapi? Usijaribu vyote mara moja. Mwezi wa kwanza chagua kitu kimoja tu, na nakushauri kiwe mafuta, kwa sababu tofauti yake ni kubwa na hayaharibiki. Hela uliyokuwa unapimia mafuta kila siku iweke pembeni. Mwezi wa pili ongeza kiroba cha sembe cha kilo 25. Mkiwa kwenye mchezo wa kupokezana, ukipokea zamu yako usinunue kochi, nunua chakula. Kwetu ilichukua miezi mingi, na kuna mwezi mtoto aliugua tukarudi nyuma, tukaanza tena na mafuta.

Ukishafika hapo, angalia msimu. Mpunga wa Kilombero na Mbeya unavunwa kuanzia Mei hadi Julai, mahindi ya nyanda za juu kusini yanafuata, na alizeti ya Singida na Dodoma nayo inakamuliwa miezi hiyo hiyo. Bei huwa ngumu kuanzia Januari mpaka Aprili, wakati ghala zinapungua na ada za shule nazo zimetunyonya. Anayenunua mchele Julai na anayenunua Februari wanakula mchele mmoja kwa maisha tofauti kabisa.

Gunia la kilo 100 ni hela nyingi kwa nyumba moja, ndiyo maana tunanunua kwa kuchanga. Tuko nyumba nne. Mmoja anakwenda soko la Tandale mapema asubuhi, anaangalia, anashika, anatafuna punje mbili tatu. Dai mzani, usikubali sado, kile kindoo cha kupimia, kwa vitu vya hela nyingi, maana sado ikigongwa chini kidogo pembeni inameza tofauti. Ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, kwa sababu mchele wa juu unaweza kuwa mzuri na wa chini una chenga. Nauli ya kirikuu mnagawana. Mkifika nyumbani gaweni siku hiyo hiyo, wote wakiwepo, kila mtu aone mzani wake, maana urafiki mwingi umevunjikia kwenye kilo mbili. Mchele mpya unashikana, punguza maji kidogo unapopika. Maharage yaanike juani kabla ya kuyahifadhi, kisha yafunge kwenye mfuko usiopitisha hewa au dumu kavu lenye kifuniko kinachobana, la sivyo wadudu watakula pamoja nanyi. Na yaloweke usiku kucha kabla ya kuchemsha. Nimeona mtungi wa gesi ukiisha mapema nyumba nzima ikishangaa, kumbe ni maharage makavu yanayochemka kwa muda wa saa tatu.

Kuna sehemu moja ambayo naomba usikate: chakula cha watoto wadogo. Bei zikipanda, mkono unakwenda kwanza kwenye yai, maziwa na dagaa, tunabaki na wanga mtupu unaojaza tumbo. Bora watu wazima tule ugali na mchicha siku tatu mfululizo, lakini uji wa mtoto uwe na karanga au dagaa wa kusaga. Dagaa ni rahisi kuliko nyama na mtoto anakua nao vizuri.

Na ukikwama kabisa, kopa kwa Mangi, usikope kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Mangi atakukasirikia, atakunyima wiki moja, mtaongea. Hawa wa kausha damu, unachukua 100,000 unaambiwa urudishe 130,000 ndani ya mwezi, na ukichelewa wanakuja kubeba televisheni na godoro mchana kweupe, watoto wakiangalia. Nimeshuhudia kwa jirani. Deni la unga lisikufikishe huko.

Mpango wa matumizi mkae nao wote wawili, mume na mke, hesabu ziwe wazi. Michango ya harusi mseme mapema mtatoa ngapi. Hilo sina mengi ya kuongeza, kila nyumba ina mazungumzo yake.

Ila kubana matumizi kuna mwisho wake. Kima cha chini cha mshahara cha sekta ya umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na cha sekta binafsi, kwa wastani wa sekta zake zote, kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Kama hati yako ya mshahara bado inasoma kiwango cha zamani, nenda kwa chama cha wafanyakazi, nenda ofisi ya kazi, usiogope, na mwende wengi. Muulizeni mwajiri pia kuhusu chakula cha mchana kazini. Sahani moja kwa siku za kazi ni hela inayobaki nyumbani, na kwa kiwanda kinachopika cha watu wengi gharama yake ni ndogo kuliko unavyofikiri.

Mchele mpya huanza kuingia Tandale mwezi wa sita. Ongea na majirani wawili au watatu unaowaamini, kubalianeni kila nyumba iweke kiasi gani kila wiki, na nani anashika hela.