Re: Kampala na watoto, siku ya kwanza: hiyo ratiba ichane

Ichane, mkuu. Mshuke basi la usiku kutoka Mwanza, watoto watatu hawajalala, halafu Namugongo asubuhi, Kasubi kwenye makaburi ya wafalme mchana, Entebbe kutazama simba kwenye bustani ya wanyama jioni? Hayo mengine uliyouliza, pa kubadilishia pesa na laini ya simu, tutayafikia. Ratiba yako kwanza. Mimi niliuziwa ileile na jamaa mmoja wa kundi la WhatsApp aliyejiita mwenyeji wa Kampala. Baadaye ikaja kujulikana kwamba aliwahi kufika mara moja tu, kwenye harusi, tena alilala palepale ukumbini.

Namugongo yenyewe sina ugomvi nayo. Ndipo mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa imani yao, walipochomwa 3 Juni 1886, na leo pametulia, watoto wana pa kukimbia. Balaa ni kutoka pale. Namugongo iko mashariki, Entebbe kusini-magharibi, na katikati yake kuna Kampala nzima.

Tukapanda spesho, yaani teksi ya kukodi, saa tisa alasiri. Kutoka Kyaliwajjala unaingia Northern Bypass, unauzunguka mji mpaka Busega, pale unashika barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2018, unateleza mpaka karibu na Entebbe. Dereva gani wa Kampala asiyejua hilo? Yule wetu, ili asilipe tozo, akasema "bosi, leo mjini kweupe", akatutumbukiza Jinja Road.

Mvua ikashuka. Kampala ikinyesha sawasawa mfereji wa Nakivubo unafurika, na pale Clock Tower hata boda wanazima pikipiki. Kitinda mimba wangu akatapika ndani ya pochi ya mama yake, yenye pasipoti zote. Wa kati akauliza kama simba nao wamekwama kwenye jamu. Shemeji yako akaacha kuniita Baba Asha, akaanza kuniita "wewe". Jua likatuzamia Kibuye, hata mji hatujautoka, tukageuza. Simba tuliwaona kwenye simu. Na yule bwana, bila haya, akadai hela ya safari nzima mpaka Entebbe, akaongeza na ya kusubiri. Kusubiri nini, ndugu yangu, na sote tulikuwa ndani ya gari lako!

Sasa nisikilize. Siku ya kwanza msivuke mji. Upande mtakaoingilia, ndio huohuo mtembee. Mkitokea mpakani Mutukula mnakuja kwa barabara ya Masaka, mnaingilia Natete, kwa hiyo tafuta chumba Mengo au Rubaga na mji wa upande wa pili uusahau kabisa. Huku kuna kanisa kuu la Rubaga la Wakatoliki na la Namirembe la Waanglikana, kila moja na kilima chake. Kuna Lubiri, ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Kasubi nayo iko upande huohuo. Ile nyumba kuu ya nyasi iliungua Machi 2010 ikajengwa upya, na makabaka wanne wamezikwa pale. Ukitaka watoto waione Kampala yote, wapeleke msikiti mkubwa wa Old Kampala wapande mnara. Vilima vyote utawaonyesha kwa kidole, hulipi spesho hata senti. Shemeji asihangaike na mavazi, langoni wanampa nguo ya kujifunga. Wakishuka na njaa, rolex zinakaangwa kando ya barabara, na sijaona mtoto anayekataa chapati iliyoviringishwa na mayai.

Entebbe ipe siku yake, tena muondoke asubuhi kupitia Busega. Bei mpatane kabla hamjapanda, tozo ikiwa ndani, na neno "kusubiri" alitamke mapema kama analo.

Mwenye basi amekuambia mnafika saa ngapi? Kama ni alfajiri, piga simu hotelini leo uwaulize kama watawafungulia chumba saa hiyo. Wengine watakukalisha mapokezi mpaka mchana na hao watoto wako.