Maswali na majibu: Gari la zamani, pesa ianzie chini

Maswali ya safari hii yametoka Arusha, Usa River na Moshi. Karibu yote yanauliza jambo moja: pesa ni kidogo, gari ni la zamani, kipi kishikwe kwanza? Kwetu pesa inaanzia chini. Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, na breki, kisha injini. Rangi isubiri.

Nimenunua Landrover 109 Series III, pickup. Fundi bodi wa Unga Limited anataka tuanze kunyoosha bodi na kupiga rangi. Nimsikilize? (Msomaji wa Sakina)

Mwambie asubiri, kaka. Bodi ya gari hilo ni ya aluminiamu, haikimbii kokote. Kinachooza ni chesisi, nayo huoza kutokea ndani, kwa kuwa ni boksi la chuma: matope na maji vikiingia vinakaa humo. Lala chini na nyundo ndogo na bisibisi kuukuu, ugonge kipande kwa kipande. Chuma kizima kinalia. Kilichooza sauti yake imekufa, na vumbi la kutu linakudondokea usoni, kwa hiyo vaa miwani. Kazia boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotokeza pembeni kubeba bodi, na pale springi zinaposhikiliwa. Kisha fungua sakafu ya miguuni na utazame nguzo za milango. Hizo nazo ni chuma.

Usikate chochote kabla ya kupima kimshazari, kutoka tundu la bolti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, halafu upande wa pili. Andika vipimo. Vikipishana sana, chesisi imepinda, na kiraka chochote utakachoweka kabla ya kuinyoosha ni pesa ya bure. Gari likae kwenye stendi nne imara, wala si jeki, na ushughulikie upande mmoja tu kwa wakati. Kata hadi ufikie chuma safi, kwa sababu kiraka kilichochomelewa juu ya kutu kitang'oka na kutu hiyo. Bati la milimita 2 hadi 3 linatosha. Betri itolewe, na tanki la petroli lishushwe kabisa. Kwenye pickup liko chini ya kiti, sentimita chache tu kutoka kwa mchomeleaji.

Chuma kikipoa, pima mshazari tena. Nje piga rangi ya kuzuia kutu, ndani pulizia nta ya chesisi, na matundu ya kutolea maji yaachwe wazi. Siku ya kurudisha bodi, weka raba nyembamba kila aluminiamu inapokutana na chuma. Vikigusana penye unyevu, aluminiamu inageuka unga mweupe.

Peugeot 504 ya baba imesimama hapa Majengo, Moshi, tangu 2011. Injini haizunguki. Vijana wanasema tuivute na gari lingine hadi iachie. (Dada wa Majengo)

Tafadhali, dada, wasiivute. Ringi, zile pete za chuma za pistoni, zimeshikwa na kutu kwenye silinda, na nguvu ya kuvutwa itazivunja au itakwaruza silinda zenyewe. Toa plagi zote nne. Changanya dizeli na oili ya gia za otomatiki nusu kwa nusu, mimina vijiko viwili vikubwa kila silinda, uache siku kadhaa huku ukiongeza kidogo. Baada ya hapo weka spana kwenye nati ya puli ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikianza kusogea usikimbilie stata. Endelea kwa mkono mpaka izunguke mara mbili kamili. Ikizunguka vizuri halafu ikagota ghafla, huenda kuna valvu iliyoganda. Acha hapo hapo, ufungue kava la valvu uangalie.

Kama itabidi hedi, kifuniko cha juu cha injini, itoke, msimamie fundi kwa makini. Slivu za 504, mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji, na kinachozikandamiza zisinyanyuke ni hedi. Hedi ikishatoka, krenki isizungushwe hadi slivu zibanwe kwa bolti na washa pana. Zikinyanyuka, sili za chini zinaharibika na maji yanaingia kwenye oili. Fundi aliyezoea injini za Kijapani anaweza asilijue hili, na kosa hilo litaonekana baada ya injini kufungwa yote.

Kabla ya kuwasha, badilisha oili na filta, mwaga petroli yote ya zamani, osha tanki na ubadilishe mipira ya petroli. Tanki linalovuja msilipeleke kwa mchomeleaji hata kama ni kavu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka. Piga stata bila plagi, sekunde 10 kisha pumzisha, mpaka taa ya oili izime. Ndipo plagi zirudi.

Landrover yangu ya petroli ilifungwa injini Dar es Salaam ikawa nzuri. Arusha inatoa moshi mweusi na vilima inashindwa. (Msomaji wa Ngaramtoni)

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ikipangwa Dar inaendelea kumwaga petroli ya Dar. Lakini jeti, kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, iwe ya mwisho kununuliwa. Anza na chujio la hewa, hakikisha waya wa choki unarudi wote, kisha pima uwazi: plagi milimita 0.75 hadi 0.80, pointi za distributa 0.35 hadi 0.40, tapeti (za valvu) 0.25. Kama kabureta ni Zenith, fungua kifuniko chake, kilaze juu ya kioo. Kikicheza, kimepinda, na petroli inapita isipotakiwa. Kisugue juu ya msasa namba 400 uliotandazwa kwenye kioo hicho hicho, polepole, hadi kilale chote.

Moshi ukibaki, shusha jeti kuu saizi moja, tembea na mzigo, kisha tazama plagi. Masizi meusi makavu maana yake petroli bado ni nyingi. Kahawia nyepesi ndiyo tunayoitaka. Nyeupe ni hatari: petroli imekuwa chache, valvu zitaungua. Jeti ya zamani itunze, na ukirudi kukaa pwani irudishe.

Nina Ford Mustang ya 1966, V8. Nianze na injini? (Msomaji wa Usa River)

Injini ya V8 ile ni ngumu na inavumilia. Anza na maji ya mvua. Mimina lita moja ya maji kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele, huku mwenzako akimulika chini ya dashibodi. Yakidondoka ndani, kutu imekula mle, na sakafu inaoza kwa sababu hiyo. Kuchomelea sakafu bila kuziba huko juu ni kuirudia kazi. Na kwa kuwa gari hilo halina chesisi ya pekee, sakafu ni sehemu ya uti wake: kabla ya kukata, chomelea vyuma vya kushikilia nafasi za milango zisifumbe.

Kisha breki. Masta silinda ya 1966, pampu inayosukumwa na pedali ya breki, ina chumba kimoja kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo mpira mmoja ukipasuka huna breki kabisa. Weka ya vyumba viwili, ambayo Ford walianza kuifunga 1967, na mabomba yake. Drami (ngoma za breki) za inchi 10 zikikerezwa zisizidi kipenyo cha asili kwa zaidi ya milimita 1.5. Unapotoa hewa kwenye mabomba ya breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Usukani wako uko kushoto, kwa hiyo ni la nyuma kulia.

Naweza kupuliza rangi uani kwangu Njiro? (Dada wa Njiro)

Unaweza, nje ya masika. Puliza asubuhi kabla upepo haujaanza, ardhi imenyunyizwa maji. Fila, ile ya kujazia mabonde, isizidi milimita 3, ikizidi itapasuka. Praima, rangi ya chini, hunywa maji, kwa hiyo gari lenye praima tupu lisilale kwenye mvua. Rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kugandisha rangi) zina sumu inayoshambulia mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote: tafuta kibanda chenye mask ya kuletewa hewa safi, au tumia rangi ya selulosi, ambayo nayo inataka mask ya chujio la mkaa na moto uwe mbali.