Kumbe aliyeanza kukohoa ni mimi

Wiki hii mmetuuliza: ni kikohozi gani kiliwahi kukutisha, na ulijuaje kwamba hapa sasa ni hospitali? Changu ni cha mwanangu wa pili, akiwa na wiki tisa.

Alikohoa mfululizo, khu-khu-khu-khu, bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi. Uso ukaiva, ulimi ukatoka nje. Kisha kimya. Kikohozi nilikizoea, ule ukimya ndio ulionimaliza. Midomo ilikuwa imeshageuka rangi ya zambarau. Nikamwinua, pumzi ikarudi, akatapika maziwa yote na kulala kana kwamba hakuna lililotokea.

Asubuhi, zahanati. Yuko mgongoni anachekelea watu, homa hana, kifua safi. Tukapewa dawa ya maji, tukarudi. Mama mkwe akasema huyu ana kimeo, na yuko bibi anayemfahamu, anakata vizuri tu. Nakiri nilianza kulegea. Siku hizi najua kwamba hicho kinyama cha kooni kila mtu anacho, na kukikata hakutibu kikohozi. Unachoweza kuambulia ni mtoto kuvuja damu au kidonda kuoza.

Kilichotuokoa ni simu. Usiku wa pili, mume wangu alipomshika, mimi nilirekodi. Daktari wa hospitali ya wilaya aliitazama ile video, hata sikumaliza maelezo, akasema: kifaduro. Nikabisha, mbona akimaliza kukohoa havuti pumzi kwa ule mlio kama wa jogoo? Akanijibu kwamba wachanga wengi hawana mlio huo. Wao huacha kupumua tu. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miezi sita akibanwa hivyo, hata mara moja, hangojewi kuche.

Alilazwa, akawekewa oksijeni na kuanzishiwa antibiotiki. Hapo ndipo nesi aliponiuliza, "Mama, nyumbani nani mwingine anakohoa?" Nilikuwa nakohoa wiki ya tatu, nikijitibu kwa tangawizi. Chanjo ya kifaduro imo kwenye ile Penta ya wiki ya 6, 10 na 14; ya kwanza ilitupita tukiwa msibani kijijini. Na sisi wakubwa, kinga ya utotoni huisha nguvu. Dawa tulimeza nyumba nzima. Mimi nilipimwa kifua kikuu pia, kwa kuwa kikohozi cha wiki mbili kwa mtu mzima hakiachwi bila kupimwa. Sikuwa nacho.

Dawa ile huzuia kuambukiza zaidi kuliko inavyonyamazisha kikohozi, kwa hiyo tuliporudi nyumbani kibano kiliendelea kwa wiki nyingi. Nilifundishwa kumlaza ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo, matapishi yasiingie njia ya hewa. Kidole mdomoni hapana, maji hapana, kumpiga mgongoni hapana. Kikiisha, unafuta makamasi na kumnyonyesha kidogo kidogo. Jiko la mkaa lilihamia uani, maana moshi tu ulitosha kumwanzisha. Asali, ambayo kila jirani aliitaja, haipewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka.

Niliandika kila kibano kwenye daftari la dukani, kati ya madeni ya sukari na sabuni: saa ngapi, alitapika, alibadilika rangi. Akigeuka rangi, akiacha kupumua, akishindwa kunyonya, akipata degedege, akilegea, au mbavu zikibonyea anapovuta hewa, tulikuwa tumekubaliana na kijana wa bajaji wa mtaa wetu kwamba apigiwe saa yoyote. Alipigiwa mara moja, saa nane usiku, akaja na kanga ya mkewe mabegani.

Mama mkwe hadi leo anashikilia kuwa kilikuwa kimeo. Simbishii. Penta ya tatu ni yeye aliyempeleka, na kadi ya kliniki anaitunza yeye, kabatini, pamoja na hati ya shamba.