Akifika kijiweni lazima awashe

*Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Anameza dawa vizuri na mwaka wa pili huu ametulia. Shida ni sigara, pakiti nzima kwa siku. Nyumbani anaweza kukaa hata saa mbili bila kuvuta, lakini akifika kijiwe cha kahawa hapa Chikongola, jamaa mmoja akiwasha tu naye anaomba kiberiti. Baba ameapa kwamba Jumatatu ndiyo mwisho, hapewi hata shilingi. Naogopa akili itachafuka tena. Dada mtu, Mtwara.*

Dada mtu, mpe baba shikamoo yetu, ila hiyo Jumatatu isogezwe. Dawa zitangulie.

Moshi wa tumbaku, wala si nikotini, hulifanya ini livunje haraka baadhi ya dawa za akili, hasa klozapini na olanzapini. Haloperidoli nayo huguswa, ila kidogo. Maana yake dozi ya mvutaji imepangwa huku moshi ukiila. Akiacha ghafla, ndani ya siku chache dawa hupanda mwilini ingawa vidonge ni vilevile: usingizi mzito, udenda, kuyumba akisimama, choo kigumu, na klozapini ikizidi sana, degedege. Nendeni kliniki anakohudhuria, iwe hospitali ya Ligula au kwingine, na dawa zake mkononi. Tajeni idadi ya sigara na tarehe ya kuacha. Dozi hupunguzwa na daktari, msimkatie kidonge nyumbani. Akirudia kuvuta napo semeni, maana dawa itashuka.

Sasa kijiwe. Huo si ukaidi. Harufu, kiberiti, kikombe na sura za wenzake vimeshafungamana na sigara kichwani mwake, vikitokea hamu inaruka. Kwa siku tatu awe na kikaratasi, kila sigara aandike saa, mahali na alikuwa na nani. Anzeni kuondoa zile rahisi, ya kijiweni iwe ya mwisho. Kiberiti na vipisi vitoke chumbani, shati linalonuka moshi lifuliwe. Akienda kijiweni akae upande upepo unakotokea, tena kwenye bao, kwa kuwa kete zinashughulisha mikono. Hamu ikipanda, dakika tano hadi kumi kwa kawaida inalegea: anyanyuke, anywe maji, mswaki wa mti mdomoni. Mwelekezeni jambo moja kwa wakati, mkimpa kumi atayaacha yote. Na kama kuna anayempa sigara ili ameze dawa (familia nyingi hufanya hivyo), aache.

Kahawa nayo ipungue nusu. Moshi huiondoa haraka mwilini. Ukikoma, vikombe vilevile vitamkosesha usingizi na moyo kwenda mbio, halafu mtadhani ugonjwa umerudi.

Muulizeni daktari kuhusu plasta ya nikotini. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku kwa kawaida huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Hubandikwa kwenye ngozi kavu, kila siku mahali pengine. Ndoto zikimsumbua aibandue usiku. Ukipata nikotini ya kutafuna kama ubani, aitafune taratibu mpaka iwashe, aiegeshe shavuni, na asiitumie ndani ya dakika 15 baada ya kahawa, haitafanya kazi vizuri. Kumbuka plasta inatuliza arosto (usumbufu wa kukosa sigara) tu, haizuii dawa kupanda.

Arosto huwa kali siku chache za mwanzo na huisha ndani ya wiki mbili hadi nne: hasira, kutotulia, njaa. Baba asiyaite utovu wa adabu. Ila mdogo wako akianza kusikia sauti, kushuku chakula au kuongea peke yake kuliko kawaida, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo.