Kabla hujapanda basi kwenda Isimila

Kila ukifika Juni, wadogo zangu wawili watatu hunitafuta: "Kaka, tunataka kupiga picha zile nguzo za korongo la Isimila, kule Iringa, tununue lenzi gani?" Huwa nawaambia waiache lenzi kwanza, washuke Coco Beach, hapa hapa Dar, maji yakiwa yamekupwa.

Mawe ya Coco ni ya matumbawe. Bahari imeyatafuna kwa chini yakabaki na midomo inayoning'inia, na kuyapiga ni bure. Ufuko unatazama mashariki, kwa hiyo saa moja asubuhi ukisimama na jua mgongoni, jiwe lote linang'aa na picha inatoka bapa kama chapati. Sogea hadi jua likujie ubavuni. Kila kishimo kinajaa kivuli, jiwe linanyanyuka. Ukishaliona hilo kwa macho yako, lenzi ya simu inatosha. Ila ulizia maji kwanza; siku za bamvua hujaa kwa fujo, na kandambili juu ya matumbawe ni kutafuta nyuzi za hospitali.

Isimila ni habari nyingine. Kutoka stendi ya Mbezi Luis hadi Iringa ni kama kilomita 500, kisha 20 hivi za ziada. Si jangwa, lakini ukishuka korongoni mwezi wa Agosti, vumbi na zile nguzo za mchanga zilizochongwa na maji zitakusahaulisha jasho la Dar. Safari yangu ya kwanza niliingia saa sita mchana, nikarudi na picha mia tatu za ukuta uliopakwa chokaa. Ya pili nikawasikiliza wanaohubiri jua la alfajiri: huko chini giza, vichwa vya nguzo tu ndivyo vina mwanga. Korongo lina kuta, jamani! Ingia saa mbili na nusu hadi nne kasorobo, au rudi kuanzia saa tisa alasiri. Gusa ukuta wenye jua kwenye kioo cha simu, shusha mwanga kidogo, kivuli kiache kiwe cheusi.

Msimamishe mtu chini ya nguzo, ikiwezekana mwenye kitenge chekundu. Picha yangu niliyoipenda kuliko zote haikuwa na mtu. Jirani yangu Sinza akaniuliza kama ni kichuguu.

Usipande nguzo, na usiokote kitu. Mawe yale yaliyotapakaa ni zana za watu wa kale, ndizo zilizowaleta wanaakiolojia kuchimba pale miaka ya 1950.

Ukirudi Dar, pangusa vumbi kwa brashi kabla ya kitambaa, na kamera usiifungie kabatini. Mimi niliiacha kwenye mkoba wa ngozi masika yote. Nilipoitoa, ndani ya lenzi kulikuwa na nyuzi nyeupe za ukungu, kama utando wa buibui. Fundi wa Kariakoo aliimulika kwa tochi, akacheka, akanirudishia. Siku hizi kamera inalala kwenye ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya.