Kuhusu kuingilia kati kuokoa wanyama

Ndugu yangu, unasema tuwaache wanyama kama Mungu alivyowaweka, kwa kuwa tukiwagusa tunawamaliza. Hofu yako ina msingi. Mwaka 2018 Kenya ilihamishia vifaru weusi 11 Tsavo Mashariki na wote wakafa, maji ya chumvi ya huko yakiwa sababu kubwa.

Lakini mtazame chura wa Kihansi, yule mdogo wa rangi ya dhahabu anayezaa watoto hai. Makazi yake yote yalikuwa kipande kidogo chini ya maporomoko ya mto Kihansi, kule milima ya Udzungwa, Tanzania. Bwawa la umeme lilipochepusha maji mwaka 2000, manyunyu yakakatika. Hapo tayari tulikuwa tumeshamgusa! Wakachukuliwa vyura 499 kwenda Marekani, na huko wakafa kwa wingi hadi wakabaki chini ya 100. Ukiishia hapo utasema heri wangeachwa. Ila waliobaki bondeni, hata baada ya kufungiwa mabomba ya kunyunyizia maji, idadi yao iliporomoka mwaka 2003, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukagunduliwa kati yao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Wale wa Marekani ndio waliozaliana, wakarudishwa Dar es Salaam 2010, na kuanzia 2012 wakaachiwa Kihansi.

Kwa hiyo mimi naunga mkono kuingilia, kwa sharti moja: maji, magonjwa na malisho ya kule mnyama anakopelekwa yapimwe kabla hajapakiwa.