Ki-67, PD-L1, NSE: namba ipi inasema kitu kuhusu muda wa mgonjwa wa saratani ya mapafu?

Swali: Nina mgonjwa mwanamume wa miaka 61, mvutaji sigara wa muda mrefu. Ana uvimbe kwenye pafu la kulia na vivimbe kwenye ini. Majibu ya kinyama (biopsi) yanasema adenokasinoma, yaani saratani ya seli za tezi: TTF-1 (alama ya seli za mapafu) chanya, p40 (alama ya saratani ya seli bapa) hasi, Ki-67 (sehemu ya seli zinazogawanyika) asilimia 40, PD-L1 (protini ambayo saratani hutumia kukwepa kinga ya mwili) asilimia 60. Kwenye damu, alama za uvimbe ni hizi: CEA ni 18, CYFRA 21-1 ni 6.2 na NSE (kimeng'enya kinachopanda hasa kwenye saratani ya seli ndogo) ni 31, zote kwa nanogramu kwa mililita. Maabara imeandika pembeni kwamba seramu ilikuwa na wekundu. Familia inauliza amebakiza muda gani. Je, Ki-67 na PD-L1 za juu namna hii ni dalili mbaya? Na NSE hiyo ina maana kuna saratani ya seli ndogo iliyojificha?

Jibu: Daktari, tuanze na NSE, kwa kuwa ndiyo inayoweza kukupoteza njia mapema zaidi. Yale maneno ya pembeni kuhusu wekundu yana uzito kuliko namba yenyewe. NSE imo ndani ya chembe nyekundu na chembe sahani za damu. Chembe zikipasuka, humwagikia kwenye seramu, na kipimo kinapanda hata kwa mtu asiye na uvimbe wowote. Mashine nyingi huweka kikomo cha kawaida karibu na 16, kwa hiyo damu iliyopasuka kidogo tu inatosha kukuvusha mpaka huo.

Rudia kipimo. Toa damu kwenye mshipa mzuri, usiisukume kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, na usiutikise mrija. Iache igande kwa takriban nusu saa, kisha izungushwe kwenye sentrifuji na seramu itengwe kabla ya saa moja kupita tangu ilipotolewa. Mrija uliolala mezani tangu asubuhi ukazungushwa mchana utakupa NSE ya juu hata kama seramu inaonekana safi.

Ikibaki juu kwenye sampuli safi, bado usibadilishe utambuzi kwa sababu ya damu peke yake. Adenokasinoma nazo huipandisha. Rudi kwa mtaalamu wa patholojia na umwombe aangalie upya. TTF-1 haitakusaidia hapa, kwani saratani nyingi za seli ndogo nazo huwa chanya. Kinachosaidia ni umbo la seli chini ya hadubini, pamoja na alama za seli za neuroendokrini, kundi ambalo saratani ya seli ndogo imo: sinaptofisini, kromogranini na CD56. Hapo ndipo Ki-67 yako inapopata kazi: saratani ya seli ndogo kwa kawaida huvuka asilimia 50 kwa mbali, mara nyingi 80 na kuendelea. Asilimia 40 haiielekei sana, mradi zimehesabiwa seli za kutosha, angalau 500, kwenye sehemu ambayo haikupondwa na koleo la biopsi. (Kosa la upande wa pili ni la hatari pia: uvimbe wa kasinoidi (unaokua polepole) uliopondwa huonekana kama seli ndogo, na mgonjwa hupewa kemotherapi kali isiyomfaa. Ki-67 iliyo chini ya 20 ndiyo huokoa hali.)

Nje ya swali hilo, Ki-67 kwenye adenokasinoma haikupi muda wa kuishi. Ni kweli kwamba tafiti nyingi zikijumlishwa, walio na Ki-67 ya juu huishi muda mfupi zaidi. Lakini kila kundi la watafiti lilichagua mpaka wake wa kuiita Ki-67 ya juu, na mtu akijaribu mipaka mingi kisha akachapisha ule uliotoa tofauti kubwa, uwezekano wa matokeo ya uongo hupanda kutoka asilimia 5 hadi karibu 40. Ki-67 haimo kwenye mfumo wa TNM unaopanga hatua za ugonjwa, na haibadilishi dawa.

PD-L1 ni habari nyingine kabisa, na wengi huisoma kinyume. Asilimia 60 maana yake ni kwamba katika kila seli 100 za saratani zilizo hai, 60 zimeshika rangi kwenye utando, hata kama ni hafifu au si kuzunguka utando wote. Namba hiyo inakuambia dawa ipi ina nafasi ya kufanya kazi. Katika utafiti wa KEYNOTE-024, wagonjwa waliokuwa na asilimia 50 au zaidi, bila mabadiliko ya jeni za EGFR wala ALK, waligawanywa kati ya pembrolizumab (tiba ya kinga) na kemotherapi. Baada ya miaka 5, takriban asilimia 32 ya waliopewa pembrolizumab walikuwa hai, dhidi ya 16 wa kemotherapi. Wote walioingia walikuwa na nguvu za kutosha, ECOG 0 au 1 (kipimo cha uwezo wa mgonjwa, ambapo 0 ni mwenye nguvu zote). Mgonjwa anayeshinda kitandani hawezi kusomewa takwimu hizo.

Kabla ya kuiamini PD-L1 hiyo, uliza mambo haya: seli za saratani zilizohesabiwa zilifika 100? Makrofaji, ambazo nazo hushika rangi, ziliachwa nje ya hesabu? Kingamwili gani ilitumika? SP142 hupaka seli chache za saratani kuliko 22C3, hivyo namba zao hazibadilishani. Kinyama kiliwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10 kwa saa 6 hadi 48? Kama kilitoka mfupani na kikalainishwa kwa asidi kali, matokeo hasi hayana maana.

Usianze tiba ya kinga kabla ya majibu ya EGFR, ALK na ROS1, hata kwa mvutaji sigara. EGFR ikiwa na mabadiliko, PD-L1 ya juu haina faida kubwa, na osimertinib (dawa inayolenga EGFR) ikifuata muda mfupi baada ya tiba ya kinga huongeza hatari ya mapafu kuvimba vibaya.

CEA na CYFRA zitunze kama mahali pa kuanzia. Sigara na ini huipandisha CEA; figo dhaifu huipandisha CYFRA, kwa hiyo pima kreatinini, na mate yakidondokea sampuli huiharibu. Zirudie kwa mashine ileile kabla ya kila duru ya dawa, na zisome pamoja na picha. Zikipanda siku chache baada ya duru ya kwanza, huenda ni seli zinazokufa.

Kuhusu muda, familia ijibiwe kwa kutumia hatua ya ugonjwa, nguvu za mgonjwa kwa kipimo cha ECOG, uzito aliopoteza, na vipimo vya damu vya LDH na albumini. Vivimbe vya ini vikithibitika kuwa vya saratani hii, ni hatua ya IV, na tiba haitauondoa ugonjwa moja kwa moja. Hilo waambiwe leo. Makadirio ya miezi au miaka yasubiri majibu ya jeni na picha ya kwanza baada ya wiki 6 hadi 9 za matibabu.